Kamera ya ukoo kwa laki sita: tulianzia kwenye faili

Wazo lilikuwa la kaka yetu mkubwa. Tuchange, tununue kamera ya video ya ukoo, ikae Dodoma kwangu, kwa kuwa wa Dar wakienda Kondoa wanapita hapa, na wa Kondoa wakienda Mvumi kwa mama mkwe wangu nao wanapita hapa. Ikapatikana laki sita, na pamoja na laki sita yakaja maoni ya kila mtu.

Mdogo wangu aliye Dar aliandika kwenye grupu, "Dada, simu zinatosha, hiyo hela tumpe mama." Kwa mambo mengi nakubaliana naye. Mtoto akianza kutembea sebuleni, simu inatosha. Lakini ibada ya kipaimara Mvumi huchukua saa tatu, ninyi mmekaa benchi la nyuma, na mtoto wenu anapiga magoti mbele ya askofu. Ukivuta picha kwa simu ya kawaida, mara nyingi simu inakata tu kipande cha katikati na kukikuza, ndiyo maana sura inakuwa matope. Lenzi ya kamera ya video inasogea kweli ndani yake na kumleta mtoto karibu. Tena haipigiwi na mtu kukumbushia mchango wakati padre anahubiri.

Shemeji yeye alitaka 4K tu, yaani picha yenye nukta mara nne ya HD kamili. "Shem, usinunue kitu cha zamani, dunia imeenda mbele." Nilimjibu kwa hesabu, si kwa maneno. Kamera nyingi za 4K hurekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde, yaani GB 45 kwa saa moja. Ibada hiyo peke yake inakula zaidi ya GB 130. Nani atazitazama, na kwa kutumia nini? Mama ana TV ya flati, anachomeka flashi pembeni, basi. Kompyuta yangu ni ya zamani na nasahihishia humo mitihani. Nikiiwekea video ya H.265, ile inayobana faili likawa dogo, picha inakwama na sauti inatangulia.

Kwa hiyo kabla sijaingia duka lolote nilikuwa nimeshaamua aina ya faili: HD kamili, 1080, kwa H.264, njia ya kubana video iliyotangulia H.265. TV ya mama inaisoma, simu ya kila shangazi inaisoma, kompyuta yangu haitoi jasho. Nikishajua faili ninalolitaka, nusu ya kamera za dukani zinajiondoa zenyewe, na muuzaji hana nafasi ya kunichagulia.

Hapo kuna jambo linalowachanganya wengi, AVCHD na MP4, namna mbili za kufunga video kwenye faili. AVCHD ililetwa na Sony na Panasonic mwaka 2006, na ndani yake kuna H.264 ileile iliyo kwenye MP4 nyingi. Mtama ni uleule, magunia ndiyo tofauti. Ubora wa picha unategemea zaidi umerekodi kwa megabiti ngapi. AVCHD inazificha video ndani ya folda iliyo ndani ya folda nyingine, na rekodi ndefu inaikata vipande, kwa sababu kadi iliyoandaliwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, haipokei faili linalofika GB 4. Ukinakili vipande bila folda nzima, unaweza kukuta sekunde imeruka pale vinapounganishwa. MP4 ni rahisi kumpa mtu. Ila MP4 huandika orodha ya yaliyomo mwishoni, unapobonyeza kusimamisha. Betri ikichomoka katikati, faili linaweza kugoma kufunguka kabisa. AVCHD huvumilia zaidi ajali ya namna hiyo. Kwa sherehe ndefu mimi narekodi AVCHD, kwa vitu vifupi vya kutuma grupuni narekodi MP4. Kamera ikiwa na zote mbili ni heri.

Nilizunguka maduka ya mjini na kuulizia kwa wapiga video wa harusi, maana wao ndio huuza vifaa vyao wakinunua vipya. Mmoja alinitolea kamera ya mkanda wa MiniDV, safi, kwa bei ya kuvutia. "Mama, hii picha yake haichakai." Kwa zama zake ilikuwa nzuri kweli: mkanda wa dakika 60, megabiti 25, na mkanda wenyewe ukibaki kabatini kama akiba. Lakini kuingiza saa moja kwenye kompyuta kunachukua saa moja nzima, tena kwa tundu la FireWire ambalo kompyuta za sasa hazina. Picha yenyewe si HD. Halafu kuna vumbi letu. Kuanzia Juni hadi Oktoba upepo wa Dodoma unaingiza mchanga hata ndani ya friji, na mashine ya mkanda ina vichwa vinavyozunguka, vinavyochukia mchanga kuliko kitu chochote. Zile za visahani vidogo vya DVD sikuzisogelea: visahani vya sentimita 8, dakika 30 hivi kwa ubora wa kawaida, na usipokikamilisha kisahani (finalize) kwenye kamera yenyewe, deki nyingine hazikisomi.

Kitu kilichonifanya nirudishe kamera moja mezani ni kwamba ilitoka Japani. Menyu yote Kijapani, sawa, ningekariri. Tatizo ni kwamba inarekodi kwa mwendo wa picha 60 kwa sekunde, na umeme wetu ni wa Hz 50. Chini ya tyubulaiti za ukumbini picha inapiga mawimbi ya kiza na mwanga. Ukiweza kuweka shata, yaani muda ambao kila picha inapokea mwanga, kwenye sekunde 1/50 au 1/100 inatulia, lakini si kila kamera ya bei nafuu inakuruhusu. Uliza kwanza kama ni ya PAL, mfumo wa video wa mwendo wa 50, au kama menyu ina 50.

Mwisho zikabaki mbili. Sony HDR-CX405 inavuta mara 30 na waya wake wa USB umejengewa kwenye mkanda wa mkononi, unachaji hata kwa pawabenki, na ukiishi na umeme unaokatika hilo si dogo. Canon Legria HF R506 inavuta mara 32, ina AVCHD na MP4, na ina kitu ambacho ile Sony haina: tundu la maiki. Kwetu mjadala uliishia hapo. Nyumbani kwa mama mkwe akina mama wakikamata ngoma za muheme wanapigia nje, kwenye upepo, na maiki ndogo ya kwenye kamera inasikia upepo kwanza. Nilinunua Legria iliyotumika, na chenji ikatosha maiki ndogo yenye kifuniko cha manyoya.

Kadi sikununua barabarani. Ukiona kadi ya GB 512 kwa bei ya soda mbili, ina GB chache tu, na imedanganywa kuonyesha nyingi. Inaendelea "kurekodi" huku ikifuta au kutupa. Kwenye kompyuta ya Windows kuna programu ya bure, H2testw, inayoijaza kadi yote kisha kuisoma upya. Inachosha kusubiri, lakini fanya hivyo kabla ya sherehe, si baada. Nilichukua ya GB 64, Class 10, alama ya kasi ya kadi kuandika. Kwa megabiti 24 kwa sekunde inapokea karibu saa sita.

Nikirudi nyumbani nanakili folda nzima kwenye diski mbili kabla sijafuta chochote kwenye kadi. Moja inabaki kwangu, ya pili inakaa kwa mdogo wangu Dar, anakuja nayo kwa treni ya SGR akiwa na safari zake. Kwa megabiti 17, ambazo zinanitosha kwa ibada, saa moja ni GB 8 kasoro kidogo, kwa hiyo diski ya terabaiti moja inabeba zaidi ya saa 120.