Mwiba wa samaki ambao haukuwa mwiba

Miaka miwili niliamini nina mwiba wa samaki kooni, upande wa kushoto. Nilimeza matonge ya ugali makavu, ndizi, hata siki. Nikigeuza shingo kutazama kama matatu inakuja, maumivu yalichoma hadi sikioni. Daktari mmoja wa meno hapa Nairobi aling'oa gego zima lisilo na kosa. Wengine walinipa dawa za asidi ya tumbo. Lile gego bado linaniuma roho.

Aliyefumbua fumbo ni daktari wa masikio, pua na koo. Alivaa glavu, akaingiza kidole mdomoni na kubonyeza pale mafindofindo yanapokaa. Nikaruka kitini.

"Ni hapo, mama?"

Hapo hapo! Akapiga sindano ya ganzi, na baada ya dakika chache nikameza mate bila kukunja uso. Picha ya CT ikaonyesha kijifupa chembamba kinachoshuka kutoka chini ya sikio. Kwa kawaida hufika kama sentimita 2.5; changu kilikuwa 4.1. Huu ndio ugonjwa wa Eagle, jina la daktari Mmarekani aliyeueleza mwaka 1937. Wengine hupata kizunguzungu, kijifupa kikigandamiza mshipa mkubwa wa damu shingoni.

Kijifupa hicho hukatwa kupitia mdomoni au shingoni. Nilichagua shingoni: kovu lipo, lakini daktari huona mishipa vizuri. Wiki ya kwanza ilikuwa uji tu, na mdomo ulipinda kidogo, ukarudi. Chini ya sikio bado kuna ganzi.

Jumapili nilikula samaki mzima, na kichwa chake.