Kabla hamjachagua rangi, pandeni kwanza darini

Juzi nilipanda darini kwenye jengo la zamani ambalo kila mtu anasema likikarabatiwa basi mjini kati patachangamka tena, nimeshika tochi na nimevaa shati jeupe (kosa langu hilo), kumbe huko juu kuna ndoo nne zimetegwa chini ya paa linalovuja, moja imejaa mpaka inamwagikia boriti. Nikaichoma ile boriti na ufunguo, ukazama kama kwenye sabuni iliyolowa. Na huku chini watu wanabishana jengo lipakwe krimu au bluu!

Mi naona rangi ije mwisho kabisa. Anza na paa, halafu gata, halafu hakikisha maji ya mvua yanaenda mbali na msingi, mengine tutaongea baadaye.

Kingine kinachoniuma ni simenti. Fundi anakuta ukuta wa tofali uliojengwa kwa chokaa, anaona nyufa, anaziba kwa simenti, na siku hiyo kwa kweli panapendeza. Sasa chokaa ni laini na inapitisha unyevu, ukuta ukilowa unakauka kupitia kwenye viungo vyake, simenti ni ngumu na haipitishi kirahisi, kwa hiyo unyevu unatafuta njia kwenye tofali lenyewe na chumvi inaganda humo mpaka uso wa tofali unamomonyoka. Niligusa moja kwa kidole likamwaga unga mwekundu, simenti iliyolizunguka imebaki imesimama vizuri tu kama fremu isiyo na picha. Na hii simenti ya Portland, yani hii ya kawaida, ilipata hataza (haki ya mbunifu) Uingereza mwaka 1824, majengo yamesimama kwa chokaa karne na karne kabla ya hapo jamani.

Haya, tuseme limekamilika na utepe umekatwa. Jumatatu asubuhi nani anafungua mlango? Marekani mwaka 1977 shirika la kuhifadhi majengo ya kihistoria, National Trust for Historic Preservation, lilijaribu mradi wa Main Street, yani wa kufufua mitaa ya biashara ya katikati ya mji, kwenye miji midogo mitatu, Galesburg, Madison na Hot Springs, na hawakuishia kutengeneza majengo tu, walishughulika pia na biashara, matangazo na kuwaweka watu wa mji pamoja. Hapo ndo wengi tunapochemka. Jengo lote likiwa ofisi, saa 11 jioni taa zinazimwa na mtaa unarudi kuwa kimya vilevile, bora chini ziwe fremu za biashara ndogondogo na juu waishi watu, yani kuwe na mtu anayeanika nguo na kuchungulia dirishani usiku.

Kikao cha kamati ni wiki ijayo na ajenda namba moja bado ni rangi. Nitaenda na kipande cha ile boriti kwenye mfuko, nakiweka mezani.