Kompyuta ya Kutupa Ndani ya Kompyuta Yangu

Mwaka jana mpwa wangu aliazima kompyuta yangu ili ageuze faili la PDF kuwa la Word, akapakua programu ya bure aliyoikuta mtandaoni, nami nikatumia siku mbili kupambana na matangazo yasiyokwisha hadi nikalazimika kusakinisha Windows upya. Tangu hapo, programu nisiyoijua asili yake huijaribu kwanza ndani ya Windows Sandbox, sehemu ya Windows inayofungua Windows nyingine ya muda iliyotengwa na ile ya kawaida, ambayo naifananisha na turubai la shughuli: hufungwa asubuhi, watu wakala na kucheza humo, na jioni likishafunguliwa uwanja hubaki kama ulivyokuwa.

Sandbox haimo katika toleo la Home. Imo katika Pro, Enterprise na Education, kuanzia toleo la 1903 la Windows 10 lililotoka mwaka 2019. Kiwango cha chini cha RAM ni GB 4, ingawa mimi nisingemshauri mtu ajaribu na chini ya GB 8. Mwenye Home anaweza kutumia VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta, lakini itambidi apakue mfumo mzima wa uendeshaji wa kuweka humo, na kwa anayeishi kwa bando hilo si jambo dogo, ilhali Sandbox hutumia mafaili ya Windows ileile iliyomo tayari kwenye mashine.

Kilichonisumbua ni kwamba katika orodha ya "Turn Windows features on or off" kisanduku cha Sandbox kilikuwa kimefifia na hakibonyezeki, kwa sababu uwezo wa kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta za kuigiza kama hiyo, ulikuwa umezimwa katika BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka. Niliizima kompyuta, nikaiwasha huku nikibonyeza F10, nikautafuta mstari wa "Virtualization Technology" na kuuwasha.

Baada ya hapo niliandika kwa Notepad faili fupi lenye kiambishi cha .wsb. Ndani yake niliweka mstari <Networking>Disable</Networking> wa kukata intaneti, kisha nikaitaja folda moja tu, C:\Majaribio, kwa sharti kwamba isomwe bila kuandikwa. Ukilibofya faili hilo mara mbili, linafunguka dirisha lenye Windows mpya kabisa, na folda yako ipo kwenye eneokazi lake.

Juzi niliijaribu humo programu ileile ya mpwa wangu. Bila intaneti ilikataa kusakinika, basi nikaufuta ule mstari na kuunganisha kompyuta kwa simu badala ya ruta ya nyumbani, kwa kuwa kilichomo ndani ya Sandbox chenye mtandao kinaweza kuvifikia vifaa vingine vya nyumbani. Haikuchukua dakika tano: zilijitokeza alama tatu za programu ambazo sikuziomba, na kivinjari kikabadilishiwa ukurasa wa mwanzo. Nilimwita mpwa wangu aje ajionee, kisha nikabonyeza alama ya kufunga. Likaja onyo kwamba kila kilichomo kitapotea, nikamwachia yeye akubali.