Stori za leza kwenye foleni ya feri Kamanga

Jana nasubiri feri pale Kamanga, jua kali, dogo mmoja wa form six anasoma kemia tukaanza kupiga stori za leza. Nikamwambia kuna Mmisri, Ahmed Zewail, alipata Nobeli 1999 kwa kupiga molekuli na mwanga wa leza wa femtosekunde (yaani sekunde moja uigawe mara milioni bilioni), pigo la kwanza linaiamsha, la pili linafuata nyuma kidogo linacheki imefikia wapi, hivyo hivyo mpaka wanaona atomi zinavyoachana. Molekuli ya iodini sianidi inakatika kwa kama femtosekunde 200 tu!

Dogo akauliza, sasa saa gani inapima hivyo? Hamna saa bana, wanasogeza kioo ili mwanga wa pili uzunguke zaidi na uchelewe kufika, mikroni 0.3 ya njia (mikroni ni milimita uigawe mara elfu) ni femtosekunde moja. Akatoa peni akaanza hesabu nyuma ya tiketi 😂