Ekari tano za misindano

Nilikuwa natafuta shamba la miti la kununua. La kwanza lilipendeza kwenye simu. Dalali alinitumia picha za miti ya milingoti iliyonyooka, nami nikapanda basi kutoka Dar mpaka Njombe, nikalala, asubuhi nikachukua bodaboda hadi kijijini. Kumbe milingoti imeteremka mpaka bondeni, kwenye kijito, juu kidogo ya vinyungu, bustani za bondeni za watu. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 ziachwe kutoka kwenye maji. Nilipiga hatua, nikapata kumi na nne.

"Bosi, huku wote wanapanda hivi," dalali akasema.

Ndicho kilichonitisha. Maji yakipungua, atakayefuatwa ni mwenye miti. Dalali atakuwa ameshakula kamisheni yake.

La pili nilielekezwa na mwendesha bodaboda. Ekari tano, misindano (paina) ya miaka sita. Mzee mwenyewe alinipokea kwa "Kamwene", nikaitikia ovyo, akacheka. Tulizunguka mpaka mzima kwa miguu, kwa muda wa saa mbili, viatu vyangu vya mjini vikaniaibisha. Juu kuna barabara ya moto, ya kuzuia moto usivuke, imejaa nyasi. Mashariki kuna mianzi, ile ya kugema pombe ya ulanzi. "Hiyo ya jirani," akasema mzee, "na ulanzi wake ni wake."

Miti imepandwa mita tatu kwa tatu, kwa hiyo ekari ilipaswa kuwa na miti kama 450. Nikahesabu mstari baada ya mstari: karibu kila mti wa tano haupo. Miti haikuwa imepogolewa pia, na matawi yakiachwa, mbao hujaa vifundo. Hapo bei ikashuka. Kiasi sikitaji, shemeji zangu wanasoma humu.

Nilikuwa na pesa, lakini sikulipa siku hiyo. Ardhi ya kijiji ina Sheria Na. 5 ya 1999, na mgeni kama mimi lazima halmashauri ya kijiji imkubali. Nikasubiri kikao, nikataka muhtasari wenye mhuri, na saini za majirani wa pande zote. Mmoja tulimfuata kilabuni.

Kisha nikamuuliza mzee, "Mama anajua?" Kimya. Mama akaitwa, akaja akijifuta mikono kwenye kanga. Akaniambia miche ile aliipanda yeye, mtoto mgongoni. Hakukataa kuuza, ada ya mjukuu ilikuwa inasubiri. Alitaka mambo mawili: hela ihesabiwe mbele yake, na aendelee kuokota kuni humo. Tukaandika yote mawili kwenye mkataba.

Sasa ni yeye ninayemlipa anitazamie shamba, hasa kiangazi hiki cha moto. Juzi alipiga simu: barabara ya moto imeshalimwa, vibarua wanadai hela yao, na yule jirani wa mianzi anauliza kama nitakuja masika, ulanzi ukianza kugemwa.