Saa sita na robo mchana, Helena

Binamu yangu anafanya kazi ya usiku Memphis, Marekani, kupanga mizigo ya ndege. Ijumaa ile alitoka kazini alfajiri, akaoga, akanywa kahawa amesimama, akaniambia tuondoke kwenda Helena, kwenye tamasha la bluzi, muziki wa Wamarekani Weusi, kabla usingizi haujamshinda. Nikamwambia niendeshe mimi. Akacheka. Gari ni la mkopo, na mtu aliyejifunzia udereva Tanzania hamwamini kwenye barabara za kulia.

Barabara ya 61 ikishaachana na Memphis, upande wa kusini, ardhi inalala kabisa. Hakuna mwinuko. Ilikuwa Oktoba, msimu wa kuvuna pamba, na mashine zilikuwa zimeacha marobota makubwa ya duara, yamefungwa plastiki ya manjano na ya waridi, yamepangwa pembeni mwa mashamba. Nyuzi nyeupe zimetapakaa ukingoni mwa lami. Mimi ni mtu wa Maswa, nimechuma pamba tangu utoto, kwa hiyo nilitafuta watu shambani kwa macho. Sikuona mtu. Maili kwa maili nikaona dereva mmoja, juu kabisa ya trekta, nyuma ya kioo.

Tukakata kuingia barabara ya 49, na daraja likatokea. Ni la chuma, jembamba, la mwaka 1961, na chini yake Mississippi unapita mpana, rangi ya chai ya maziwa. Ng'ambo ni Arkansas, na mji wa kwanza ni Helena.

Sensa ya mwaka 2020 ilikuta watu wasiofika 10,000 katika Helena na pacha wake, West Helena, ambao sasa ni mji mmoja. Cherry Street, mtaa mkuu, una majengo mazuri ya matofali, na mengi yamefungwa kwa mbao. Siku tatu nne kila Oktoba mtaa huo unajaa hadi huoni lami. Tamasha la King Biscuit lilianza mwaka 1986, na wanaokuja wanatoka mbali: nilisikia Kijerumani, Kifaransa, na Kiingereza cha Australia kabla sijanunua hata maji.

Sababu ya Helena kuwa na tamasha ni unga. Mwaka 1941 wanamuziki wawili waliifuata KFFA, redio iliyokuwa ndiyo kwanza imefunguliwa mjini hapo, wakiomba nafasi ya kupiga na kutangaza watakuwa wapi jioni. Mmoja alikuwa mpiga harmonika Aleck Miller, aliyejiita Sonny Boy Williamson ingawa jina hilo tayari lilikuwa na mwenyewe, mpiga harmonika mwingine maarufu huko Chicago. Wa pili ni Robert Lockwood Jr., aliyefundishwa gitaa na gwiji wa bluzi Robert Johnson, kwa kuwa Johnson aliishi na mama yake Lockwood. Wenye redio wakasema watafute mdhamini. Akapatikana mfanyabiashara wa jumla mwenye unga wa ngano uitwao King Biscuit, na tarehe 21 Novemba kipindi cha King Biscuit Time kikaenda hewani: robo saa ya bluzi saa sita na robo mchana, wakati watu wa mashambani wamekaa kula. Unga ukauzika. Baadaye ukatoka na unga wa mahindi meupe, sembe kabisa, wenye jina na picha ya Sonny Boy kwenye mfuko.

Mtanzania wa rika langu haelezwi zaidi ya hapo. Bendi zetu za dansi zilikuwa na waajiri: NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, nyingine zilikuwa za jeshi, za polisi, za mashirika. Vyombo ni vya mwajiri, wimbo ni wako, na mwisho wa mwezi kuna kitu mfukoni. Watu wanaopenda kusimulia bluzi kama kilio cha mtu mpweke aliyemuuzia shetani roho yake njia panda wangefaidika kuuangalia ule mfuko wa sembe. Wale walikuwa wafanyakazi, na redio iliwapa kazi ya mchana iliyowaletea kazi ya usiku.

Tulikiwahi kipindi. Studio iko ndani ya makumbusho ya Delta Cultural Center, pale pale Cherry Street, na kipindi bado kinarushwa siku za kazi. Sonny Payne alikitangaza kuanzia mwaka 1951 hadi alipofariki mwaka 2018, na zaidi ya vipindi 17,000 vimepita. Siku za tamasha watu wanasongamana kuona mtangazaji akifanya kazi. Nilishangaa jinsi jambo lenyewe lilivyo dogo: meza, vipaza sauti, nyimbo kadhaa, kwaheri. B.B. King, mpiga gitaa maarufu wa bluzi, alikuwa akikisikiliza mapumziko ya mchana, enzi akiwa kibarua wa shamba ng'ambo ya mto. Mama mmoja mbele yangu alikuwa akifuta machozi, na mumewe akimpiga picha.

Jukwaa kubwa liko chini ya tuta lililojengwa kuzuia mafuriko, na wasikilizaji wanakaa kwenye nyasi za mteremko na viti vyao vya kukunja. Huko unaingia kwa tiketi. Mtaani ni bure, na mimi nawashauri mtaani.

Kwenye kona moja nilimkuta mzee mwenye kofia ya kijani, gitaa limeunganishwa na spika ndogo iliyofungwa kamba juu ya kigari cha kubebea mizigo. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kilikuwa ndani ya shingo ya chupa, na alipokiteleza juu ya nyuzi gitaa lilimalizia maneno ambayo yeye ameyaacha njiani. Bluzi ya kawaida ina mpangilio ambao kila kitabu kinaueleza: mstari, mstari ule ule tena, kisha jibu, katika mapigo yaliyohesabiwa. Mzee yule alikuwa hahesabu. Akipenda neno analikalia; akichoka analikatisha na kugeuka kabla ya wakati. Kijana wa dramu, mjukuu wa dada yake kama nilivyoambiwa, hakuwa akiangalia ngoma hata kidogo. Alikuwa akimwangalia babu shingoni. Shingo ikikaza, naye anageuka. Nilikaa pale mpaka binamu akaja kuniambia kambare wangu amepoa.

Kambare, ndiyo. Wanamviringisha kwenye unga wa mahindi na kumkaanga, na ukimla ukiwa umefumba macho uko kando ya Ziwa Victoria. Kuna na tamale, unga wa mahindi wenye nyama ndani, umefungwa kwa maganda ya mahindi na kuchemshwa kwa viungo vikali. Binamu alikula mpaka akalala kwenye nyasi, kofia usoni, huku bendi kamili yenye tarumbeta ikipiga hatua chache kutoka miguuni pake.

Nikamwacha, nikatembea hadi karibu na mahakama. Hapo kuna mnara uliozinduliwa mwaka 2019 kwa ajili ya waliouawa katika wilaya hii miaka 100 kabla. Wakulima Weusi, waliolima ardhi ya wengine kwa kugawana mavuno, walikuwa wamekutana kanisani karibu na mji mdogo wa Elaine kujadili namna ya kudai bei halali ya pamba yao. Risasi zikalia usiku ule, na siku zilizofuata makundi ya Wazungu wenye silaha na wanajeshi walisambaa mashambani. Hesabu ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Wengi wanasema ni mamia. Weusi 12 walihukumiwa kifo katika mji huu, na kesi ya sita kati yao ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo mwaka 1923 iliamua upande wao. Mwishowe wote wakaachiwa. Niliposimama pale besi ya jukwaa kubwa ilikuwa ikisikika vizuri. Watu wawili tu walipita, wakitafuta choo.

Nilifikiria Maswa, na bei ya pamba inayopangwa mbali na mkulima, na bugobogobo, ngoma yetu Wasukuma, majembe yanarushwa juu ngoma ikilia. Lakini kwetu shamba lilikuwa la baba.

Usiku alipanda jukwaani mwanabluzi Bobby Rush. Alizaliwa mwaka 1933, na alipata Grammy yake ya kwanza mwaka 2017, akiwa na miaka 83. Unategemea mzee akae kwenye kiti, apigiwe makofi ya heshima. Huyu aliingia na koti linalometa, wacheza shoo wanaozungusha nyonga, na hadithi za mume anayeibiwa mke zilizojaa mafumbo ambayo mpenzi wa taarabu angeyafumbua haraka kuliko Wajerumani waliokaa karibu nami. Kisha akawaondoa wote, akachukua harmonika, akabaki peke yake, na ule umati wa tutani ukanyamaza. Naona huo ndio ufundi: kujua ni lini uache mzaha, na usiuache mapema.

Baada ya hapo muziki ulihamia ndani, kwenye baa za Cherry Street, ambako anayepiga ni yeyote mwenye ujasiri wa kuomba nafasi. Mzee wa kofia ya kijani alikuwepo, safari hii akisikiliza tu. Kijana wake wa dramu alicheza na bendi moja, akacheza na nyingine, halafu akatujia akifuta jasho. Alikuwa amesikia binamu akisema tunarudi Mississippi kwa daraja.

"Kaka zangu, gari lenu lina nafasi nyuma? Kesho asubuhi nina shoo ya mitaani Clarksdale, na jioni mazoezi kanisani. Babu anabaki hapa."

Binamu akauliza ana mizigo gani. Ngoma kubwa, akasema, na ndogo, na visahani, na mfuko wa nguo. Tukajaribu buti, ngoma kubwa ikakataa. Ikaenda kiti cha nyuma, yeye akajibanza pembeni yake, visahani nikavipakata mimi, na binamu akatutangazia kwamba atakayelala kabla yake atashushwa darajani.