Papa mkavu, jodari na zebaki: hesabu ya sahani ya mama mjamzito

Papa mkavu wa nazi ni kitoweo kinachopendwa Pwani, na mama mjamzito akimtamani, nyumba nzima humhangaikia apatikane. Hapo ndipo penye shida. Papa yumo katika kundi la samaki wenye zebaki, metali yenye sumu, nyingi kuliko wengine wote sokoni, na akishakaushwa kila gramu yake hubeba zebaki zaidi kuliko alipokuwa mbichi.

Si kwamba papa ameogelea kwenye maji machafu. Zebaki yake ilianzia hewani: moshi wa makaa ya mawe, na zaidi ya huo, mvuke unaotoka wachimbaji wadogo wanapochoma dhahabu iliyokamatwa kwa zebaki, kama ilivyo Geita, Chunya au Migori. Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa mwaka 2015 shughuli za binadamu zilitoa hewani tani 2,220 hivi za zebaki, karibu 38% zikiwa za uchimbaji huo mdogo. Mvuke hukaa angani miezi kadhaa na kuvuka mabara, kwa hiyo samaki aliyevuliwa Mafia amebeba zebaki ya dunia nzima.

Ikishaingia baharini, bakteria wa sehemu zenye oksijeni kidogo huigeuza kuwa zebaki ya methili, na hii ndiyo inayodhuru ubongo. Vijidudu vya majini huichukua, dagaa huvila, sehewa humla dagaa, papa humla sehewa. Samaki huitoa mwilini polepole kuliko anavyoiingiza, basi hujilimbikiza mwaka hadi mwaka. Kwa samaki wala wenzao walio wakubwa, kiwango huwa mara milioni na zaidi ya kile cha maji wanamoishi. Ukubwa na umri wa samaki vinakueleza zaidi kuliko mahali alipovuliwa.

Jikoni hakuna dawa. Zebaki ya methili imejifunga kwenye protini ya mnofu wenyewe, haikai kwenye ngozi wala kwenye mafuta. Kuchemsha, kukaanga, kukamulia ndimu, kutoa maini, kumwaga maji ya kwanza: hakuna kinachoiondoa. Ushauri wa kutoa ngozi na mafuta unafaa kwa sumu nyingine zinazokaa kwenye mafuta. Kwa zebaki haufanyi kazi.

Sasa ukaushaji. Chukua kilo moja ya papa mbichi mwenye miligramu 1 ya zebaki kwa kilo, na maji 75%. Yabisi zake, yaani kila kisicho maji, ni gramu 250. Mkaushe hadi maji yabaki 35%, unapata gramu 385 hivi. Zebaki ni ileile miligramu moja, lakini sasa imo kwenye gramu 385, yaani miligramu 2.6 kwa kilo. Chumvi huongeza uzito kidogo na kukishusha kiwango hicho kidogo. Kumloweka usiku kucha hutoa chumvi na kurudisha maji. Zebaki iliyokuwemo inabaki.

Kamati ya pamoja ya wataalamu wa mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula (FAO) na afya (WHO) iliweka mwaka 2003 kikomo cha zebaki ya methili: mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa wiki. Kwa mama wa kilo 60 ni mikrogramu 96. Kiwango cha miligramu kwa kilo ni sawa na mikrogramu kwa gramu, kwa hiyo hesabu ni rahisi: gawanya 96 kwa kiwango cha samaki. Nduaro au papa mbichi wa wastani, wenye karibu 1.0, hummalizia kikomo cha wiki kwa gramu 96. Papa mkavu wa mfano wetu, gramu 37 tu. Jodari, kwa wastani wa 0.35 unaotumiwa na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ni gramu 270 hivi. Dagaa wa baharini, kwa 0.013, wanazidi kilo saba, na hakuna atakayezimaliza. Kikomo cha mtoto wa kilo 15 ni mikrogramu 24 tu kwa wiki: kipande cha jodari cha gramu 70 kinatosha kuzimaliza.

Tofautisha hesabu hii na viwango vya biashara. Codex, viwango vya kimataifa vya chakula vya FAO na WHO, inaruhusu hadi miligramu 1.6 kwa kilo kwa papa, 1.7 kwa marlini na 1.2 kwa jodari. Papa mwenye 1.6 hajavuka kiwango hicho, lakini gramu 60 zake zinammalizia mama yule kikomo cha wiki nzima. Cheti cha kusafirisha nje si ruhusa ya mjamzito.

Wala isichukuliwe kwamba samaki waachwe. Ushelisheli, wanawake waliofuatiliwa na watafiti walikula samaki karibu mara 12 kwa wiki, na haikuonekana athari mbaya ya kudumu iliyo wazi kwa watoto wao. Visiwa vya Faroe, ambako watu hula pia nyama ya nyangumi yenye zebaki nyingi, watoto walionyesha upungufu wa kumbukumbu na umakini. Mjamzito anayeacha samaki wote hupoteza mafuta ya omega-3, ayodini na seleniamu ambavyo ubongo wa mtoto unavihitaji. Ampe nafasi dagaa, vibua, tasi na pono. Jodari mara moja kwa wiki, kipande cha kawaida. Papa, nduaro na marlini awaache kabisa.

Na aanze mapema. Zebaki ya methili hupungua mwilini kwa nusu kila siku 50 hivi: baada ya siku 100 imebaki robo, baada ya 150 sehemu moja ya nane. Anayesubiri kliniki ya kwanza ameshapitisha wiki nyingi ambazo mtoto alikuwa akiipokea kupitia kondo.

Wafanyabiashara wanaopeleka sampuli maabara wakate gramu 100 za mnofu wa mgongoni, bila ngozi wala mfupa, wazifunge kwenye mfuko safi wa plastiki na kuzigandisha. Kipimo cha zebaki yote kinatosha, kwani kwa samaki wala samaki zaidi ya 90% ni ya methili. Majibu yakija, tazama kwanza kama yameandikwa kwa uzito mbichi au mkavu. Ukilinganisha papa mkavu wa 2.6 moja kwa moja na kikomo cha 1.6, ambacho ni cha samaki mbichi au aliyegandishwa, utatupa mzigo ambao kwa uzito mbichi ulikuwa 1.0. Andika asilimia ya maji kwenye fomu ya sampuli, na uombe maabara waipime pia.